Rakaa Mbili Katika Nyumba ya Mama Yako

Rashidi,

Salamu nakupa kwa sababu dini inanilazimisha, si kwa sababu roho yangu inataka. Ukiisha kuipokea irudishe, hata kama utairudisha kwa meno yaliyokazana kama ulivyonirudishia ya leo asubuhi. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unauma, lakini wewe hujauliza habari za mguu huo tangu urudi, kwa hiyo tuuache.

Nakuandikia kwa kuwa tukisema kwa mdomo tutagombana, na tukigombana utanijibu kwa Kiarabu, nami nitakujibu kwa maneno ambayo hata Kiarabu hakina. Karatasi haijibu. Wewe uko Migori unatafuta nafasi ya mizigo katika basi la kesho. Mama yako yuko nyumbani anafunga vitu. Mimi niko buchari, nyama imekwisha tangu saa nne, nimeifuta meza, na ukiona doa hapo pembeni ya karatasi ujue ni maini. Usije ukawaambia watu wa Homa Bay kwamba baba yako alilia.

Kwanza la Ijumaa. Ulisimama baada ya sala katika msikiti wetu huu wa mabati, ukajikohoza kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki ngege, ukasema kuna baadhi ya wazee waliopunguza sala zao miaka na miaka wakijiita wasafiri, na kwamba wazilipe zote kabla kifo hakijawakuta. Baadhi ya wazee! Mle ndani tulikuwa wazee wawili. Mmoja ni Mzee Athumani, na alikuwa amelala. Msomali wa duka akanigeukia, akanitazama kama mimi ninavyomtazama ng'ombe mwenye homa aliyeletwa kutoka Lambwe, yaani, je, huyu analika au tumfukie. Nilitaka kukuvua kofia pale pale. Nilijizuia kwa sababu kofia yenyewe niliinunua mimi.

Una miaka minne tu ya kusoma Kisumu, Rashidi. Miaka minne, na umerudi na shingo ngumu kama ya fahali wa mbegu. Mimi siku moja nitachinja fahali wa namna hiyo nione ndani ya shingo mna nini.

Sasa, sitakuambia ule nini huko Homa Bay, wala ulale saa ngapi, wala utunzeje mshahara wa ukarani. Wewe ni mtu mzima wa miaka ishirini na minne, ukiibiwa utaibiwa. Nitakuambia habari ya sala zile, kwa sababu umeisema mbele za watu na hata nusu yake huijui. Mama yako hakukusimulia, mimi sikukusimulia, wewe ukaokota kipande njiani ukakifanya hotuba.

Mimi nilisoma chuoni Tabora miaka miwili tu. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera na pumzi mbaya. Tulisoma udhu, tukasoma sala, tukafika mlango wa msafiri, na hapo nikafukuzwa kwa jambo la mbuzi wa mwalimu ambalo sitalieleza mpaka leo. Kwa hiyo mlango wa mwisho kuusoma ndio ulionikaa kichwani. Zaka siijui vizuri. Hija naijua kwa kusikia. Lakini safari, niulize. Mwendo wa siku mbili kwa mguu na mizigo, hapo unapunguza. Adhuhuri, alasiri na isha, kila moja nne zinakuwa mbili. Magharibi haipunguzwi, wala alfajiri. Niliwahi kuitamani magharibi lakini tatu haigawanyiki. Ukifika mahali ukakusudia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, umekuwa mkaazi, utatimiza. Ila kama unangoja jambo, na kila siku unasema kesho nikilipata naondoka, una ruhusa uendelee kupunguza hadi siku kumi na nane.

Hapo pa kungoja jambo ndipo nilipojenga nyumba yangu.

Nilikuja Macalder kijana, nimeandikwa miezi sita kuchinja ng'ombe wa kambi ya machimbo, maana wachimbaji wengi wa kule kwetu walikuwa hawali nyama iliyochinjwa na mtu asiyeswali. Nilikuja na begi moja. Miezi sita ikaisha, msimamizi akasema ngoja mwezi. Nikangoja. Akasema ngoja mwingine. Kila asubuhi nikiamka nilisema, kesho Tabora. Na nilikuwa nasema kweli, Rashidi, hilo usinivunjie. Nilikuwa nakunja blanketi langu kila siku kama mtu wa stesheni.

Halafu watu wa hapa nao walinisaidia. Shemeji yangu Ochola, ndugu wa mama yako, kabla hata sijawa shemeji yake, alinipa jina. Jadak. Wewe Kijaluo chako ni kizuri kuliko changu, unajua uzito wake: mtu wa kuja, anayekaa kwenye ardhi ya watu kwa hisani, anayeweza kuambiwa ondoka kabla chungu hakijachemka. Nikipita sokoni, "Jadak, karibu nyama." Nikichinja vizuri, "Jadak huyu ana mkono." Nikikosea, "Jadak huyu." Wao waliniita jadak, mimi nikawajibu kwa rakaa mbili. Nikawa nasema moyoni, vizuri sana, na mimi sipo kwenu, napita, hata Mungu anajua napita, nimemwandikia mara tatu kwa siku.

Unaona jinsi hasira inavyoweza kuingia mpaka kwenye mkeka. Usidhani ni mimi tu. Ijumaa nilikuona.

Nikamwoa mama yako. Ochola alichukua ng'ombe zangu na bado akaniita jadak, nikamwambia basi niite bwana jadak. Mama yako akasilimu, akaitwa Hadija, ingawa mimi mpaka leo namwita nyar Kadem, binti wa Kadem, na akikasirika ndiyo nazidi kumwita. Hapa Macalder siku hizo hapakuwa na mwanamke mwingine wa Kiislamu. Hakuna. Wachimbaji waliacha wake zao makwao. Basi nani angemfundisha sala? Mimi. Nikamfundisha udhu pale kwenye jiwe la nyuma, nikamfundisha Fatiha, ulimi wake ukigoma kwenye herufi za kooni tunacheka wote wawili mpaka jirani Msabato anakuja kuuliza kuna nini. Kisha nikatandika mkeka wangu mbele, yeye nyuma yangu, na alichokiona mgongo wangu unafanya, naye akafanya.

Mgongo wangu uliinama mara mbili. Akainama mara mbili. Nikatoa salamu, akatoa salamu.

Sasa wewe uliyesoma, unajua kilichokosekana. Msafiri akimswalisha mkaazi, akimaliza mbili zake anatakiwa kugeuka amwambie, timiza sala yako, mimi nina safari. Neno moja hilo. Mkaazi anainuka anamalizia mbili zake. Nilikuwa nalijua. Lilikuwa limeandikwa katika mlango ule ule nilioujua kuliko yote. Siku ya kwanza sikusema kwa sababu alikuwa mgeni wa sala, nikaona nisimchanganye, nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, nikaona nikimwambia itabidi nimweleze kwa nini mimi ni msafiri. Na nikimweleza hilo atajua kwamba mwanamume aliyelala naye, aliyekula chakula chake, kila siku mara tatu anamwambia Mungu kwamba hapa si kwake. Basi sikugeuka. Miaka tisa, Rashidi. Miaka tisa nilikuwa natoa salamu kulia, natoa salamu kushoto, na sikugeuka nyuma.

Usifikiri sikuonywa. Alipita hapa mwalimu mmoja, Mwalimu Idrisa, mtu wa kutembea, anauza tasbihi na mafuta ya mgongo. Akaswali nami, akaona. Tulipotoka nje akaniuliza:

"Salumu, una siku ngapi hapa?"

"Napita tu, mwalimu."

"Umeanza kupita lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Akatazama nyuma ya nyumba. "Na ule muhogo wa nani?"

"Wangu."

"Umeuvuna mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mimi nimetembea mpaka Kongo, Salumu. Sijamwona msafiri aliyengoja muhogo ukomae mara tatu."

Nikamwambia nia iko moyoni, na moyoni mwangu mimi kila asubuhi nimefunga mzigo. Akasema, "Basi ufungue, au uufuate." Nikamcheka. Nikamuuzia mapafu kwa bei ya ini, akaenda zake. Sikumsikiliza kwa sababu alikuwa na haki, na mtu mwenye haki na mafuta ya mgongo mkononi anaudhi mara mbili.

Mwaka wa tisa, mke wa mchinjaji mwenzangu akafariki Migori. Mimi nilikuwa na ng'ombe wa kambi, nikamtuma mama yako kwenye msiba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa na wanawake wa Kiislamu, chumba kizima. Alivaa kanga mpya. Alikwenda na furaha, nakuambia, msibani alikwenda na furaha, kwa sababu alikuwa anakwenda kwa wenzake.

Adhuhuri ikaingia, wakajipanga. Mama yako safu ya kwanza, maana hakuwa na habari kwamba safu ya kwanza ina wenyewe. Wakaswali, kila mmoja sala yake. Zikafika mbili, yeye akatoa salamu, akakunja kanga, akasimama kusogea aende kusaidia jikoni. Wenzake wote wakasimama pia, yeye akadhani wanatoka naye. Kumbe wanaingia ya tatu. Akabaki amesimama katikati yao, uso umewaelekea wao na wao wameelekea kibla, mpaka walipomaliza.

Bi Mwanaidi, mwanamke mzee wa pale, ndiye aliyemuuliza. Hakumuuliza kwa ubaya, lakini kwa sauti ya watu wazima wanaosikia kidogo, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Wewe mwanangu una safari?"

"Hapana, bibi. Natoka Macalder hapo."

"Macalder si safari. Nyumbani kwako unaswali ngapi?"

"Mbili."

"Adhuhuri mbili?"

"Na alasiri. Na isha."

"Nani kakufundisha?"

"Mume wangu."

Mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Mama yako hajanitajia majina yao mpaka leo, na amefanya vizuri, kwa sababu wengine bado wananunua nyama kwangu. Bi Mwanaidi akawafukuza wote, akamshika mkono, wakakaa siku mbili chumbani, akamfundisha upya tangu udhu.

Alirudi siku ya tatu. Alinikuta natandika mkeka wa alasiri. Wewe ulikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza umeanza kusimama pembeni yangu na kunijaza vumbi la miguu. Hakusimama nyuma yangu. Alisimama mlangoni, mzigo bado uko kichwani, mikono kiunoni. Nikaswali. Hujui ilivyo kuswali huku mtu anakuhesabu. Nilipotoa salamu akasema:

"Mbili."

Nikasema, "Karibu, nyar Kadem. Poleni na msiba."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nipo."

"Basi mbona mbili?"

Nikaanza. Nikamweleza mwendo wa siku mbili, nikamweleza kungoja jambo, nikamweleza nia. Nilieleza vizuri sana, yule mwalimu wa Tabora angenisamehe mbuzi wake. Aliningoja nimalize yote. Kisha akasema kwa lugha yake, polepole, "An adhi kanye?" Halafu akalirudia kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

"Mimi je, nakwenda wapi? Mimi nimezaliwa pale ng'ambo ya mto. Mama yangu amezikwa pale. Miaka tisa umenifanya msafiri ndani ya nyumba yangu. Nakwenda wapi mimi, Salumu?"

Na mimi, Rashidi, unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwambia, "Kwani Mungu anapima sala kwa debe?"

Nimefanya mabaya mengi. Nimeuza nyama ya jana kuwa ya leo. Nimemwapia Ochola kwa uongo juu ya ndama. Lakini kama kuna neno moja ningeweza kulivuta kwa kamba lirudi mdomoni, ni hilo la debe. Hakulia. Alishusha mzigo, akachukua mkeka wake, akaupeleka chumba cha ndani, na tangu siku hiyo hajaswali nyuma yangu hata rakaa moja. Na kila alipomaliza sala ya faradhi alisimama tena akalipa moja ya zile za nyuma. Alilipa adhuhuri kwa adhuhuri, alasiri kwa alasiri, isha kwa isha, miaka tisa mizima. Mimi nilikuwa nasikia nyayo zake ukutani upande wa pili, anasimama, anakaa, anasimama. Alizimaliza kabla wewe hujaenda Kisumu. Kosa lilikuwa langu, magoti yakawa yake.

Sasa turudi kwenye Ijumaa yako, bwana mkubwa. Ulidhani unanipiga mimi. Nyuma ya pazia lile la khaki la wanawake alikuwa amekaa nani? Ulimkumbusha kicheko cha Migori mbele ya wake za watu, kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe. Hukumgeukia nawe. Hukumuuliza kwanza, mama, jambo hili nilisemeje. Ulisoma mlango mzima ukasahau kwamba nyuma yako kuna mtu. Tunafanana kuliko unavyotaka, na mimi pia sipendi.

Liko moja zaidi, na hili hajui mtu.

Mwaka uliofuata baada ya neno la debe, nilikwenda Tabora. Wewe uliambiwa baba amekwenda kuona ndugu, na baadaye watoto wa Ochola wakakuambia nilikwenda kwa mke mwingine, na najua uliamini kwa sababu uliacha kunisalimu wiki nzima. Hapakuwa na mke. Nilikwenda ili nisirudi. Nilisema, wamenichoka hapa, huyu mwanamke ananihesabu, shemeji ananiita jadak, basi naufuata mzigo. Nikapanda meli Musoma mpaka Mwanza, nikapanda treni.

Ndugu yangu Kassimu alinipokea vizuri, ubaya hana. Aliniweka chumba cha nje, mkeka mpya bado una uzi wa dukani. Baada ya chai akaniuliza kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mkwe:

"Kaka, utakuwa nasi siku ngapi?"

Mdomo wangu ukasema, "Tatu." Sikuwa nimeutuma.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Unajua sheria: mtu akiingia alikozaliwa, nako bado ni kwao, hutimiza, hata akipita kwa saa moja tu. Nikasimama katika ua wa baba yangu. Na nilipoleta nia, Rashidi, ilikuja mbili. Ilikuja yenyewe, kabla sijajua ninachonuia. Nikatoa salamu nikakaa pale, nikitazama ukuta ambao nilikuwa naupanda nikiwa mdogo, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshahama miaka mingi iliyopita. Kila mtu alijua ila mimi. Hata muhogo ulijua.

Nilirudi kwa treni ya siku ya nne. Mama yako nilimkuta anapepeta wimbi. Hakusimama. Aliniuliza, "Umekula?" Nikasema, "Bado." Basi. Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango wa zizi. Ningesema, nyar Kadem, nilikwenda nisirudi, na nimerudi kwa sababu kwetu ni hapa. Nikala. Nikasema wimbi limekuwa zuri mwaka huu. Alasiri nikaswali nne, nikapaza kila takbiri ili asikie chumba cha ndani, nikadhani hiyo inatosha. Haikutosha. Alidhani nimewaogopa watu. Na tangu hapo natimiza, miaka kumi na sita sasa. Zile za nyuma sijazilipa, hapo umenipata, sitakudanganya. Nimezianza jana. Usitangaze.

Ninachokuambia, na hili ndilo peke yake, mengine yote ni kelele: mtu anayeishi nawe mwambie kwa mdomo kama unapita au umekuja kukaa. Usimwachie ahesabu. Huko Homa Bay utapata binti, na utajifanya uko pale kwa ajili ya kazi tu, na siku moja utakuwa na kuku. Mwambie. Hata ikiwa unapita, mwambie unapita, akutupie viatu nje mapema.

Sasa mambo ya kesho.

Jumamosi, siku ya pili ya hotuba yako, mama yako aliniambia, "Nitakwenda na Rashidi nikampangie nyumba."

Nikasema, "Siku ngapi?"

Akasema, "Nitaona."

Miaka ishirini na mitano sijamsikia mwanamke huyu akisema nitaona. Huwa anajua. Na amempa dada yake kuku wote. Kinu kimefungwa kwenye gunia. Mtu anayekwenda kupanga nyumba ya karani mwenye kitanda kimoja hachukui kinu. Namtazama anafunga, naye anajua namtazama. Siwezi kumuuliza. Nilipewa nafasi ya kuulizwa nikacheka, sasa mimi nitauliza kwa mdomo gani?

Kwa hiyo utanifanyia kazi moja, na utaifanya hata kama unanichukia, maana kuchukia hakuzuii kuhesabu.

Kutoka Migori kwenda Homa Bay wanavyuoni wanaweza kubishana kama ni safari. Kutoka hapa Macalder hakuna ubishi, ni safari. Kesho akifika kwako, mama yako ni msafiri. Kama amekusudia kurudi kwangu kabla ya siku nne, ataswali mbili. Kama amekusudia kukaa, ataswali nne. Usiniambie kupunguza ni ruhusa tu, si lazima. Najua, nilisoma kabla yako. Lakini mama yako tangu Bi Mwanaidi hachanganyi. Akiwa msafiri anachukua haki ya msafiri mpaka ya mwisho. Uliona tulipokuja kukuona Kisumu. Akiwa mkaazi ni mkaazi. Mtu aliyemwonyesha thamani ya kujua uko wapi ni mimi, kwa njia mbaya.

Ila sikiliza vizuri. Wewe huko utakuwa mkaazi. Ukimswalisha, atatimiza nne kwa kukufuata, hata kama moyo wake uko kwenye basi la kurudi, nami sitajua kitu. Najua anapenda kuswali nyuma yako. Inaniuma, lakini najua. Kesho kutwa, adhuhuri, usimswalishe. Nenda gatini, sema kuna mizigo, kisha rudi usimame nje ya dirisha. Mwache aswali peke yake. Hesabu.

Zikiwa mbili, niandikie ni basi la siku gani nije kumpokea stendi ya Migori. Usiandike kingine, sitaki Kiarabu.

Zikiwa nne, usiandike. Mwambie utingo wa basi letu, aje hapa buchari, aseme nne tu, kila mtu atadhani ni kilo nne. Mimi nitamwachia Msomali ufunguo, nitachukua visu vyangu, nitapanda basi lilelile likigeuza. Usininunie mlangoni. Chumba ni chako, kitanda ni chako, lakini mke ni wangu. Nitamkuta jikoni kwako, na kabla hajaniuliza kama nimekula nitamwambia kwa mdomo wangu, wewe ukisikia, kwamba nimekuja kukaa alipo, na kwamba nilikwenda Tabora nisirudi, na kwa nini nilirudi. Akinijibu, akinyamaza, akinirushia mwiko, nitakuwa nimesema.

Barua hii utaikuta kwenye sanduku lako ukishafika, chini ya zile suruali za ukarani. Ukiisha kuisoma ichome. Bado nimekukasirikia.

Baba yako,
Salumu, mchinjaji, mkaazi wa Macalder hadi utakapomtuma utingo.